Njia ya Pili ya Ruziba

Mwavita alikuwa mtu wa kinyaa, na hakuona haya kusema hivyo. Hakunywa kwenye kikombe cha mtu, hakukalia kiti bila kukifuta, na sabuni yake aliibeba mkobani kila aendako. Mafundi wenzake walimwita Mama Sabuni. Walimcheka kweli kweli, lakini palipotakiwa kuunga nyuzi za mwanga, kicheko kilikwisha na wakamtafuta yeye, kwa sababu nyuzi hizo nazo zina kinyaa. Ni kioo chembamba kama unywele. Ndani yake hupita mwanga wa leza unaowaka na kuzima mabilioni ya mara kwa sekunde moja, na kuwaka na kuzima huko ndiko kunakobeba sauti na sura za watu. Weka chembe ya vumbi kwenye ncha, mwanga unakwama. Weka jasho la kidole, mwanga unakonda. Mwavita alizikata ncha, akazifuta kwa spiriti safi, akazilaza kwenye mashine ya kuungia, na zikashikana pasionekane kovu. Mjini Bujumbura mteja akiuliza, "Nani aliunga?" akajibiwa, "Mwavita," hakuuliza tena.

Hiyo ndiyo mali aliyokuwa nayo. Alivuka mpaka kutoka Uvira miaka kumi na minne iliyopita na begi moja, na hadi leo kiwanja hana, na mume aliyekuwa naye alikwenda zake. Jina analo.

Jumanne hiyo asubuhi alikula kiporo cha wali kwa chai ya rangi. Mchele ulitoka kwenye gunia alilopewa na mkuu wake, Zénon, miezi miwili nyuma, shangazi yake alipofariki Uvira. Gunia zima! Nusu aliibeba msibani, nusu ikabaki nyumbani. Tena Zénon alimwambia asiharakishe kurudi, akae na ndugu zake wiki nzima, kazi itamngoja. Kila alipoinjika sufuria, Mwavita alimwombea mzee yule maisha marefu.

Na hakuwa akimwombea kwa ajili ya mchele peke yake. Zénon ndiye aliyemfundisha kazi. Alikuwa mtu wa makamo aliyekwisha kuingia uzeeni, kofia ya pama kichwani mvua na jua, na zamani alimchapa rula vidoleni kila alipogusa ncha ya uzi. "Mukono muchafu haugusi mwanga," alikuwa akisema. Sasa alikuwa na kampuni yake ndogo ya kulaza nyaya, na siku hiyo alikuwa anakabidhi kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupata.

Mwenye kazi alikuwa Docteur Olga, aliyeongoza kliniki ya watoto wachanga mtaani Mutanga Sud. Kliniki ilikuwa na zahanati yake huko Ruziba, kusini kabisa kando ya ziwa, na zahanati hiyo ilikuwa na muuguzi mmoja, Lisette, bila daktari. Basi wakaweka kamera juu ya kitanda cha mtoto. Picha ingetoka Ruziba ndani ya uzi wa mwanga, ifike Mutanga Sud, iingie kwenye kidude kidogo ambacho mafundi hukiita coupleur, na hapo mwanga ule mmoja ugawanyike mara nne, kila sehemu kwenye kioo chake cha kutazamia picha: kioo cha Docteur Olga, vioo vya mabingwa wawili, na kioo cha darasa la wauguzi. Wote wangemwona mtoto yule yule kwa sekunde ile ile na kumwelekeza Lisette afanye nini. Mwanga ukigawanywa mara nne kila mmoja anapata robo, kwa hiyo hapakuwa na mwanga wa kuchezea njiani.

Docteur Olga alikuwa ameweka sharti moja. Alitaka njia mbili zisizokutana popote. Ya kwanza ipite chini, kando ya ziwa, ikate mji, iingie Buyenzi, kisha ipande. Ya pili ipite juu, Kanyosha na Musaga, ishukie Mutanga. Kila upande kuwe na swichi, ili trekta la watu wa barabara likikata njia moja, swichi irukie ya pili kabla mtu hajapepesa jicho. "Mutoto asiyepumua hangoji fundi," alisema, na akataka karatasi ya makabidhiano itiwe sahihi na Mwavita, si na mwingine.

Saa moja na nusu asubuhi Mwavita alikuwa ndani ya chumba cha mashine cha kliniki, kwenye baridi ya kiyoyozi, akipima. Mashine yake ya kupimia hurusha mwanga ndani ya uzi na kusikiliza mwangwi unaorudi, kisha inachora kila ungio na kila jeraha, mita kwa mita. Alipima njia ya kwanza: kilometa kumi na sita na mita mia nne na kumi na mbili, na ungio moja bovu kwenye kilometa ya tisa. Akaandika. Akapima ya pili: kilometa kumi na sita na mita mia nne na kumi na tano, na ungio moja bovu kwenye kilometa ya tisa.

Alizima mashine, akafuta ncha, akapima tena. Mambo yalikuwa yale yale. Njia mbili zisizojuana zinawezaje kujikwaa kwenye jiwe moja?

Zénon alikuwa uani akisimamia meza. Kreti za Fanta zilikuwa zimepangwa, utepe ulikuwa umefungwa mlangoni, na mchoma mishikaki alikuwa tayari amewasha mkaa. Mzee alikuwa ameanza kuonja.

"Muzee Zénon, hii njia ya pili inapita wapi?"

"Musaga. Kwani we ni mugeni?"

"Njia ya Musaga ni fupi. Hii inaniambia kilometa kumi na sita, sawa na ile ya ziwa. Na zote ziko na ugonjwa mahali pamoja."

Zénon alicheka huku akitafuna. "Ah, Mwavita! Kule juu tuliacha mizunguko ya akiba ya waya mu kila chambre, mu kila shimo, ndiyo imerefusha. Hesabu zimefanana, c'est tout, ni hayo tu. Mapacha hawazaliwi?" Akaitoa ile karatasi ya makabidhiano kwenye bahasha, akalamba kidole chenye mafuta ya mshikaki, akafungua ukurasa wa mwisho. "Tia sahihi, mwanangu. Saa tano wageni wako hapa. Tunachomoa kamba ya kwanza mbele yao, swichi inaruka, wanapiga makofi, tunakula."

Doa la mafuta lilibaki kwenye karatasi, pembeni kabisa ya mstari ulioandikwa jina lake. Mwavita alilitazama na mate ya kinyaa yakamjaa mdomoni.

Lazima isemwe jinsi kazi hizi zinavyojaribiwa mjini humu. Hakuna anayekwenda kukata uzi barabarani. Wageni hukusanywa kwenye chumba chenye baridi, fundi anachomoa kikamba kifupi mbele ya swichi, swichi inarukia kikamba cha pili, picha inabaki, makofi yanapigwa. Ni sawa na kupima kama bati linavuja siku ya jua kali. Swichi imejaribiwa, njia haijajaribiwa hata kidogo, na watu wazima wenye suti wanakwenda zao kifua mbele wakijisafisha meno kwa vijiti.

"Nitatia sahihi nikitoka kuona," alisema Mwavita.

"Kuona nini?"

"Ule ugonjwa wa kilometa ya tisa."

Kicheko cha Zénon kilikatika. "Gari haina mazout. Unajua vile mji uko."

"Niko na miguu."

"Mwavita." Mzee alifuta mdomo kwa kiganja. "Hii kazi nilikupa mi. Vijana wa diplôme wako ku mulango wangu kila Lundi, juma ikianza, wananiomba nafasi yako. Mbele ya saa tano hiyo karatasi iwe na sahihi, ao we utafute mutu mwingine wa kukulisha."

Mwavita akaondoka, mkoba wenye mashine zake begani. Alijua maana ya maneno yale. Mwanamke wa Uvira anayefukuzwa na Zénon haajiriwi na rafiki wa Zénon, na katika kazi ile wote walikuwa marafiki wa Zénon. Lakini akitia sahihi, na siku moja trekta likapita, na Lisette akabaki peke yake Ruziba na mtoto aliyegeuka bluu kwa kukosa pumzi mikononi, watu watauliza nani alisema njia ni mbili. Watajibiwa, Mwavita.

Aliteremka kwa miguu kama mji mzima ulivyotembea siku hizo, akipita magari yaliyoegeshwa mkia kwa mkia kungoja mafuta yasiyokuja. Kilometa ya tisa aliijua bila kuuliza. Ilikuwa Buyenzi, mbele ya gereji ya Rachid, fundi wa magari ambaye mfuniko wa shimo la nyaya ulikuwa karibu na mlango wake, na kwa kuwa ulikuwa bapa na imara, ndipo alipowekea jeki.

"Karibu, Mama Sabuni," Rachid alisema, akiona aibu kwa mikono yake myeusi, akampa kifundo cha mkono badala ya kiganja. "Leo umekuja mwenyewe?"

"Mwenyewe namna gani? Kwani kuna siku nilimutuma mutu?"

"Ile siku ya mwezi wa tatu. Alikuja muzee wa pama, na vijana wawili. Niliuliza, Mama Sabuni yuko wapi? Akasema, hii ni kazi yake, mi namusaidia tu. Wallahi, dada, nilishangaa. Kijana mumoja alikuwa anakula sambusa na mikono ile ile anashika zile kamba. Nikasema moyoni, kama Mama Sabuni angeona, angemuchapa."

Mwavita na Rachid walishirikiana kuinua mfuniko, na harufu ikapanda, ikawafunika wote wawili.

Shimo lilikuwa limejaa hadi magotini. Juu yalielea mafuta machafu ya magari, meusi, yenye ngozi. Chini yake yalikuwa maji ya choo cha nyumba ya jirani, kilichopasuka zamani na hakuna aliyekijali. Panya aliyevimba alikuwa kwenye kona, tumbo juu. Matambara, viatu vya watoto, vichwa vya samaki wadogo wa ndagala, na vingine visivyotajika vilikuwa vikizunguka polepole. Mwavita alifunga kitambaa puani, akavua viatu, akavaa mabuti ya Rachid, akateremka. Matope yalimpokea kwa sauti ambayo ingemfanya alie kama angekuwa na wakati wa kulia.

Kwa desturi, boksi la maungio huachiwa mizunguko ya waya, ili fundi alivute juu, alilaze kwenye meza safi, afanye kazi yake kavu. Alilivuta. Halikuja. Hapakuwa na mzunguko hata mmoja. Mizunguko ya akiba! Mzee alikuwa ametafuna uongo pamoja na nyama.

Basi alilifungulia humo humo, limekaa juu ya kreti mbili za soda alizoteremshiwa na Rachid. Alipolegeza kifuniko, maji meusi yalimwagika kutoka ndani, maana hata mpira wa kuzuia maji haukuwekwa. Akamulika. Waya ulioingia ulikuwa mmoja, mpya, wa kazi hii peke yake. Ndani yake nyuzi zilikuwa kumi na mbili, na zilizoungwa zilikuwa mbili tu: ya bluu na ya machungwa, njia ya chini na njia ya juu, zimelala ubavu kwa ubavu kwenye sahani moja kama mume na mke. Musaga hakuna mtu aliyechimba hata mtaro wa maharage.

Na maungio yenyewe! Alama za vidole zilikuwa zimekauka juu ya vifuko vya kinga. Ndani ya kifuko kimoja mlikuwa na unywele. Gamba la sambusa lilikuwa limegandia sahani, na mende walikuwa wameligundua, wakala, wakazaa hapo hapo na kuacha maganda yao. Mwanga uliopaswa kufika kwenye vioo vinne ulikuwa unapenya katika uchafu wa mkono wa mtu asiyenawa. Mwavita alisikia ngozi ikimwasha mwili mzima.

Mafundi wa nyuzi wana desturi moja, na Zénon mwenyewe ndiye aliyeileta mjini. Kila aungaye huacha kikaratasi ndani ya kifuniko, kimefungwa kwenye plastiki, kikisema nani ameunga na siku gani, ili ajaye baadaye ajue wa kumshukuru au wa kumlaani. Mwavita alikifuta kile kikaratasi kwa kidole gumba, akakimulika.

Kilisema: Mwavita. Tarehe 12, mwezi wa 3.

Alikisoma mara mbili. Tarehe kumi na mbili ya mwezi wa tatu alikuwa Uvira, amesimama kwenye udongo mbichi, akimzika shangazi yake. Alikuwa ameambiwa na mtu mwema asiharakishe kurudi. Kaa na ndugu zako, mwanangu. Chukua na mchele. Kumbe kikulacho ki nguoni mwako, na wakati mwingine kinakulisha kwanza.

Kiporo cha asubuhi kilimpanda. Alijitahidi kugeukia ukutani, lakini hakuwahi, na wali wote wa Zénon ukatoka, mweupe juu ya mafuta meusi, ukaanza kuzunguka na vile vingine. Alitapika mpaka hapakubaki kitu. Alimchukia Zénon. Hakuwa amewahi kumchukia mtu kwa namna ile, kwa mwili. Alimchukia hadi kwenye meno.

"Dada, toka!" Rachid alilia juu. "Toka, utakufa na hiyo harufu!"

"Nipe maji," alisema. "Na simu yangu, inalia."

Ilikuwa saa tano kasoro. Alipofungua simu, alisikia vicheko, milio ya chupa na sauti ya Zénon, tamu kama uji wa mgonjwa. Simu ilikuwa imewekwa kwa sauti ya juu, wageni wote wasikie.

"Huyu ndiye fundi wetu, waheshimiwa! Yuko ku njia, anatembelea nyaya mpaka dakika ya mwisho. Mwavita, mwanangu, Docteur anataka kusikia mudomo wako mbele ya tukate utepe. Mwambie tu ya kama njia ni mbili."

Kumbe sahihi ilikuwa imeshindikana, sasa walitaka ulimi. Mwavita alitema mate kwanza.

"Docteur Olga, unanisikia?"

"Nakusikia." Sauti ya daktari ilikuwa kavu, ya mtu asiyependa sherehe. "Lisette yuko mbele ya kamera kule Ruziba, na mwanasesere ku kitanda. Tunamuona mu vioo vyote vinne. Picha ni nzuri."

"Basi nakuomba, musichomoe kitu hapo ndani. Ile inajaribu swichi tu. Mi niko inje, mu shimo ya Buyenzi, ku njia ya kwanza. Niruhusu nikate huku. Kama njia ya pili iko Musaga, huyo mwanasesere hatapepesuka."

Vicheko vilipungua. "Haina haja!" Zénon alisema haraka. "Docteur, fundi wangu anafanya mzaha. Kukata fibre nzima ni hasara, ni kuharibu kazi ya watu..."

"Nitaiunga tena mwenyewe," Mwavita alisema. "Haijatumika na mutu mwingine. Ni ya kazi yako tu, Docteur. Amri ni yako."

Docteur Olga alisema, "Kata."

Mrija uliobeba nyuzi ulikuwa mlaini, hauzidi unene wa kijiti cha kibiriti. Mwavita aliutia kwenye mdomo wa mkasi wake, akabana. Haikutoa hata sauti.

Alingoja. Juu ya kichwa chake Rachid naye alikuwa ameacha kupumua. Katika simu alisikia mtu akiuliza, "Umeme umeenda?" na mwingine akijibu kuwa taa zinawaka.

"Docteur," Mwavita alisema, "munaona nini?"

"Bluu."

"Ku vioo vingapi?"

"Vyote." Daktari alikohoa. "Vyote vinne. Lisette hatumuoni, hatumusikii. Mwavita, ile njia ya pili iko wapi?"

"Iko hapa mu mukono yangu, Docteur, pamoja na ya kwanza. Ni waya moja."

Njia ya mwongo ni fupi, wazee walisema, na ya Zénon haikufika hata Musaga. Lakini mwongo aliyebanwa hurusha mateke. Sauti yake ilipanda, tamu yote imeyeyuka. "Mumeona? Mumeona vile alinifanyia? Mi nilimutegemea yeye! Nendeni mufungue hiyo boîte ya maungio, mutakuta jina yake mwenyewe na tarehe, kumi na mbili ya mwezi wa tatu! Yeye ndiye aliunga hapo! Mi ni muzee, nilidanganywa na mutoto niliyemulea!"

Mwavita alikitazama kile kikaratasi. Hakuwa amemwambia mtu yeyote kwamba kipo.

"Muzee Zénon," alisema polepole, ili chumba kizima kisikie, "tarehe hiyo nilikuwa Uvira, namuzika shangazi yangu. Karatasi ya mupaka iko na muhuri, kwenda na kurudi. We mwenyewe ulinipa ruhusa ya wiki moja. We mwenyewe ulinipa muchele."

Mtu mmoja aliweka chupa mezani, na Mwavita aliisikia ilivyogusa meza. Kisha ikaja sauti ya Docteur Olga, karibu sana na simu, kana kwamba ameinyanyua kutoka mikononi mwa Zénon.

"Mungu ashukuriwe leo ni mwanasesere," alisema. "Mwavita, unaweza kunirudishia njia moja? Moja ya kweli. Mambo ya huyu bwana nitayamaliza mi mwenyewe na wanasheria."

"Nipe saa moja, Docteur."

Sasa mwone Mama Sabuni, magoti yake ndani ya choo cha watu, amefunika kreti kwa taulo jeupe alilotoa mkobani. Rachid alimmiminia maji, akanawa hadi viwikoni, akanawa tena, akanawa mara ya tatu, na kuanzia hapo mikono ile haikugusa kitu kingine. Alisuuza sahani kwa spiriti. Aliubandua unywele na lile gamba la sambusa kwa koleo, akavitupa. Alichagua uzi wa bluu peke yake, akaumenya, akaukata, akaufuta, akaulaza kwenye mashine pamoja na mwenzake. Mashine ikatoa cheche yake ndogo. Alipopima hapakuwa na kovu. Ule wa machungwa aliuacha umekatika, ncha mbili zinatazamana, kila mtu azione.

Docteur Olga alipiga simu kusema Lisette amerudi kwenye vioo vyote vinne, anang'aa kuliko asubuhi. Mwavita alisema asante. Hakufurahi. Alikuwa na uchovu na ladha ya nyongo, na alijua kesho hana kazi.

Kile kikaratasi cha zamani alikitia mfukoni, kitahitajika. Akachukua kipya, akaandika kwa herufi kubwa: Njia ya kwanza imeungwa. Njia ya pili haiko. Mwavita. Akaweka tarehe ya siku hiyo, akakitia kwenye plastiki, akaweka mpira mpya, akafunga boksi.

Gari lilisimama juu. Aliijua ile injini. Ni lile gari ambalo asubuhi halikuwa na mazout. Mlango ulifunguliwa, na kofia ya pama ikatokea ukingoni mwa shimo, na chini yake uso wa Zénon, umelowa jasho, unajaribu kutabasamu.

"Mwanangu," alisema chini chini, Rachid asisikie. "Toka huko, tuongee kama watu wa nyumba moja. Jina yako ni nzuri, kila mutu anaiheshimu. Mi niliiazima tu. Utamwambia Docteur ya kama ilikuwa makosa ya vijana, na mi nitakufanya mukubwa wa kazi zote, wa chantier zote. Leta mukono."

Akapiga goti, akanyoosha mkono wake ndani ya shimo. Ulikuwa mkono msafi. Kucha zilikuwa zimekatwa, saa ya dhahabu ilikuwa inang'aa, na ulinukia sabuni ya hoteli na nyama ya kuchoma. Mkono huo ndio uliomfundisha kushika uzi. Mkono huo ndio uliompa gunia.

Mwavita aliutazama. Ukingo wa shimo ulikuwa umepakwa utelezi mweusi, mafuta na kinyesi cha miezi, mnene kama ugali, na hapakuwa na mahali pengine pa kushika. Mikono yake mwenyewe ilikuwa bado myeupe kwa spiriti.

Akaitumbukiza yote miwili kwenye ule utelezi, akashika hadi vidole vikazama, akajivuta. Mabuti yalibaki chini. Alitoka kwa kifua na kwa magoti, akapita chini ya ule mkono ulionyooshwa bila kuugusa, akasimama peku juu ya lami ya Buyenzi, anachuruzika.

"Kaka Rachid," alisema, "niletee sabuni."